Majaribio ya CRASH

Majaribio ya CRASH ni mfululizo wa tafiti za kitabibu za kimataifa kuhusu matibabu ya watu walioumia, hasa walioumia kichwani. Yaliratibiwa na Chuo cha Afya na Tiba ya Kitropiki cha London nchini Uingereza, na daktari Ian Roberts alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Chanzo

Mtu akiumia vibaya kichwani, ubongo wake unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa kuwa fuvu ni gumu na halitanuki, uvimbe au damu hiyo huubana ubongo. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi waliwapa wagonjwa hao dawa za kortikosteroidi, wakiamini kwamba zingepunguza uvimbe. Mwaka 1997 mapitio ya majaribio yaliyotangulia yaliashiria kwamba huenda dawa hizo zinapunguza vifo kwa asilimia 1 hadi 2. Hata hivyo, majaribio hayo yalikuwa madogo mno kuthibitisha jambo hilo.

Tofauti ndogo kama hiyo haiwezi kuonekana katika hospitali moja, kwani wagonjwa wachache wakipona au wakifa kwa sababu nyingine, hesabu yote hubadilika. Ilihitajika kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, na ndiyo sababu hospitali nyingi ziliungana.

Jaribio la kwanza

Jaribio la kwanza lilihusisha hospitali 239 katika nchi 49. Watu wazima walioumia kichwani na kupungukiwa na fahamu waligawanywa kwa bahati nasibu ndani ya saa 8 tangu kuumia. Kundi moja lilipewa methiliprednisoloni kwa njia ya mshipa kwa saa 48. Kundi la pili lilipewa dawa bandia, yaani kimiminika kisicho na dawa. Daktari wala mgonjwa hakujua nani amepewa nini.

Lengo lilikuwa kusajili wagonjwa 20,000, lakini jaribio lilisimamishwa mwaka 2004 baada ya kusajiliwa 10,008. Ndani ya wiki mbili, asilimia 21.1 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 17.9 ya waliopewa dawa bandia. Hiyo ni kusema, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa kwa dawa hiyo, vifo viliongezeka kwa takriban 3.

Daktari mmoja asingeweza kugundua madhara hayo peke yake, kwa sababu wagonjwa wengi walioumia vibaya kichwani hufariki hata wasipopewa dawa hiyo. Mwaka 2007 miongozo ya matibabu ya Brain Trauma Foundation ya Marekani ilisema kwamba methiliprednisoloni kwa kiwango kikubwa isitumike kwa wagonjwa wenye jeraha la ubongo la wastani au kali.

Majaribio yaliyofuata

CRASH-2 na CRASH-3 yalichunguza asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Dawa hiyo iligunduliwa nchini Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke Okamoto. Matokeo ya CRASH-2, yaliyotolewa mwaka 2010, yalionyesha kwamba inapunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, ikitolewa mapema.

CRASH-3 ilihusu majeraha ya kichwa na kusajili wagonjwa 12,737 katika hospitali 175 za nchi 29. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Kwa wagonjwa wenye jeraha dogo au la wastani waliotibiwa ndani ya saa 3, vifo vilivyotokana na jeraha la kichwa vilipungua. Kwa wenye jeraha kali, faida haikuonekana wazi.

Umuhimu

Majaribio haya yalionyesha kwamba matibabu yaliyozoeleka yanaweza kuua bila mtu kutambua, na kwamba ushirikiano wa hospitali nyingi, zikiwemo za nchi zenye kipato kidogo, unaweza kufichua ukweli huo.