Rangi ya Jiwe si Rangi ya Popo

Mwaka huu sikuja na shairi wala hekaya. Nimekuja kuungama kosa, kisha niwaeleze nililojifunza kutokana nalo.

Siku ya maonyesho ya sayansi, darasa letu lilinituma nichore popo wa kale. Nilinakili picha ya kisukuku kilichochimbuliwa Messel, nchini Ujerumani, cha popo aliyeishi yapata miaka milioni 49 iliyopita. Alama ya mwili wake kwenye jiwe ni nyeusi-nyeusi, basi nami nikampaka weusi tititi. Mwamuzi mmoja akaniuliza, "Kijana, nani alikwambia popo huyu alikuwa mweusi?" Nikajibu kifua mbele, "Mwalimu, si ndivyo anavyoonekana?" Akatabasamu tu, akaandika. Kikombe kikaenda darasa jirani, na wenzangu hawakunisemesha hadi Jumatatu.

Enyewe niliumia. Nikajifungia maktabani kuusaka ukweli, na huu ndio nilioupata.

Rangi inayohusika hapa huitwa melanini. Imo katika nywele zetu, katika manyoya ya kuku, na hata katika wino wa ngisi. Kuna aina mbili kuu: yumelanini, inayoleta weusi na kahawia iliyokolea, na feomelanini, inayoleta wekundu wa kutu. Katika nywele na manyoya hukaa ndani ya vifuko vidogo mno viitwavyo melanosomu. Vya yumelanini kwa kawaida ni virefu kama soseji, ilhali vya feomelanini ni vya mviringo kama mpira.

Mnyama akifa na kufunikwa na matope yasiyo na hewa, rangi zake hazina bahati sawa. Ile ya waridi tunayoiona kwa heroe, yaani flamingo, wa Ziwa Bogoria hutokana na karotenoidi, nayo huvunjika upesi. Melanini ni sugu. Molekyuli zake zimesukwa pamoja kama mkeka, na bakteria hupata taabu kuufumua.

Lakini je, kuwa sugu ni kutobadilika? La hasha! Hebu mfikirie mchoma makaa. Hufukia magogo kwa udongo, yakaiva kwa joto bila hewa ya kutosha. Ukilivunja kaa, bado utaiona mistari ya mti. Umbo lipo, lakini mti wenyewe haupo tena. Melanini nayo hupitia mambo kama hayo polepole, kwa mamilioni ya miaka, chini ya joto na uzito wa matabaka ya mawe. Baadhi ya vipande vya molekyuli hung'oka na kutoweka. Vinavyobaki hushikana upya, na salfa iliyomo matopeni huweza kujipenyeza humo. Metali kama shaba na zinki, ambazo melanini hupenda kuzinasa, huweza kuhama au kuongezeka. Vifuko navyo husinyaa. Hivyo, kilichokuwa chekundu huweza kuishia cheusi.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2015, Caitlin Colleary, Jakob Vinther na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua melanini ya wanyama wa siku hizi wakaiweka katika joto kali na mgandamizo mkubwa. Walipoipima, kemia yake ilikuwa imesogea karibu na ile ya visukuku. Baadhi ya watu walikuwa wakidai kwamba vifuko vionekanavyo katika visukuku ni mabaki ya bakteria tu. Jaribio lilionyesha kwamba hiyo ni melanini yenyewe, ila "imeiva". Watafiti haohao waliwachunguza popo wa Messel. Umbo la vifuko pamoja na kemia vikaonyesha kwamba walikuwa wa kahawia nyekundu. Jamani, mimi na weusi wangu!

Hata hivyo, visukuku vyote havibadiliki kwa kiasi kimoja. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba wino wa jamaa za ngisi, uliozikwa Uingereza zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, bado una yumelanini inayofanana mno na ya wino wa leo. Kumbe huko Lyme Regis, mnamo 1833, Elizabeth Philpot alikuwa amekwisha kuchorea picha kwa wino wa visukuku! Feomelanini ndiyo iliyosumbua zaidi kutambulikana. Lakini mwaka 2023, Tiffany Slater na wenzake walithibitisha dalili zake katika chura wa Hispania wa miaka milioni 10. Nao pia walipasha joto manyoya ya leo kwanza, wapate kujua ni dalili gani ya kutafuta.

Hapo ndipo penye somo, wenzangu. Huwezi kusoma kisukuku kabla hujajua jiwe limekibadilisha vipi. Wahenga walisema, ukimwona simba amenyeshewa, usidhani ni paka. Mimi nilimwona popo aliyeiva mawe, nikadhani ni mweusi.

Popo wangu nimempaka upya, kahawia nyekundu. Yuko ukutani maabara, karibu na dirisha. Chini yake nimeandika vile rangi hiyo ilivyojulikana, ili anayeuliza "Nani alikwambia?" apate jibu. Kikombe hakitarudi, najua. Ila mwakani, mwamuzi akiniuliza tena, sitamjibu kwa kifua mbele. Nitamjibu kwa ushahidi.