Kranberi na UTI: tunda hili linasaidia nini, na halisaidii nini?

Mama akisikia mkojo unamchoma, au mtoto akilia kila anapokwenda haja ndogo, ushauri huja kutoka kila upande: kunywa maji mengi, kunywa maji ya dafu, nunua juisi ya kranberi. Juisi hiyo nyekundu hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini, na vidonge vyake huuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa. Bei yake si ndogo. Kabla hujatoa fedha yako, ni vizuri ujue tunda hili ni nini, na wapi msaada wake unaishia.

Kranberi inatoka wapi?

Kranberi ni tunda dogo, jekundu na chachu sana, asili yake Amerika ya Kaskazini. Mmea wake hutambaa chini katika ardhi oevu yenye mchanga. Wenyeji wa bara hilo, wakiwemo Wawampanoag wa eneo ambalo leo ni Massachusetts, walilitumia kwa chakula na dawa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Wenyeji wengine walilitwanga pamoja na nyama kavu na mafuta, wakapata chakula cha akiba cha safari. Baadaye mabaharia walibeba kranberi melini ili kujikinga na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Mwaka 1816, Henry Hall wa mji wa Dennis, Massachusetts, aliona kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo ilizaa vizuri zaidi. Kilimo cha kranberi kikaanzia hapo. Leo jimbo la Wisconsin ndilo linaloongoza kwa mavuno nchini Marekani. Wakati wa kuvuna, wakulima wengi hufungulia maji shambani. Matunda huelea kwa sababu yana vijichumba vya hewa ndani yake, kisha hukusanywa.

Ndani yake mna nini?

Gramu 100 za kranberi mbichi zina takribani kalori 46, nyuzinyuzi, na miligramu 14 hivi za vitamini C. Kama unatafuta vitamini C tu, huna haja ya kranberi: pera la sokoni lina vitamini hiyo mara nyingi zaidi, kwa bei ndogo.

Kinachoitofautisha kranberi ni kemikali ziitwazo proanthosianidini. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo, yaani UTI, husababishwa na bakteria aina ya E. coli wanaotoka kwenye haja kubwa. Ili walete ugonjwa, ni lazima kwanza wanate kwenye ukuta wa kibofu. Kemikali hizi huwazuia kunata vizuri, hivyo wengi hutolewa na mkojo.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2023, mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 50 kuhusu jambo hili. Yalionyesha kwamba bidhaa za kranberi zilipunguza uwezekano wa kupata UTI kwa takribani robo miongoni mwa wanawake wanaoipata mara kwa mara, na kwa takribani nusu miongoni mwa watoto. Kwa wajawazito, na kwa wazee wanaoishi katika nyumba za kulelea, manufaa hayo hayakuonekana.

Zingatia neno *kupunguza uwezekano*. Hiyo ni kinga. Bakteria wakishashika na ugonjwa ukaanza, juisi haiwaui. Unahitaji kupimwa mkojo na kupewa dawa inayofaa, na kuimaliza hata ukijisikia nafuu.

Tahadhari

- Sukari. Kwa kuwa tunda ni chachu, juisi nyingi huongezwa sukari au juisi ya matunda mengine. Soma lebo. Kranberi zilizokaushwa nazo kwa kawaida zina sukari nyingi.
- Watoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Usimpe juisi yoyote kabla hajatimiza mwaka 1. Tunda zima linaweza kumpalia mtoto mdogo, kwa hiyo likate vipande vidogo au lipondwe.
- Dawa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo.
- Rosela si kranberi. Juisi ya rosela ni nyekundu na chachu vilevile, lakini ni mmea mwingine. Usiitumie ukitarajia kazi ileile.

Jikoni

Kranberi mbichi ni nadra kwetu. Ukizipata, zichemshe gramu 340 kwa kikombe 1 cha maji na kikombe 1 cha sukari, au pungufu, kwa dakika 10 hivi hadi zipasuke. Rojo hilo huliwa na kuku au nyama, kama Wamarekani wafanyavyo na bata mzinga siku yao ya kushukuru. Zilizokaushwa zitumie kidogo mahali ambapo ungeweka zabibu kavu: kwenye pilau, mkate au uji.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Kunywa maji ya kutosha. Usibane mkojo, na mfundishe mtoto asiubane. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Mtoto akifunga choo, ashughulikiwe mapema, kwa sababu choo kilichokwama huzuia kibofu kutoa mkojo wote.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri ukiona:

- homa, kutetemeka, au maumivu ya mgongo au ubavuni;
- damu kwenye mkojo;
- mtoto mchanga ana homa isiyo na sababu inayoonekana, anatapika au anakataa kunyonya. Aliye chini ya miezi 3 mwenye nyuzijoto 38 au zaidi apelekwe mara moja;
- wewe ni mjamzito na una dalili yoyote ya UTI. Isipotibiwa inaweza kufika kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati. Pima mkojo kila unapoelekezwa kliniki, hata kama huumwi.

Juisi unaweza kuinywa ukiipenda. Lakini kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu, na dalili zimeshaanza, itumie kwa nauli ya kwenda kupima.