Mshauri wa Fedha Naye Aulizwe Leseni Yake

Mjane mmoja wa mtaa wetu hapa Tabora alikuja ofisi ya msikiti baada ya kumaliza eda. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi wa reli, na mafao yalikwisha kugawanywa kwa taratibu ya mirathi. Jirani alimshawishi atie fungu lake katika kikundi cha kununua asali. Je, ni halali? Nilisoma karatasi za kikundi, nikaona ni mudharaba usio na riba, nikamjibu kuwa ni halali. Yeye akasikia kuwa ni salama. Msimu uliofuata kikundi kilivunjika, na fedha zote zikapotea.

Sikumdanganya, wala sikupata hata senti moja. Lakini mafaqihi wamefundisha kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, kisha akamdhuru mgonjwa, hubeba dhamana. Mimi nilisomea fiqhi ya miamala. Kupima kama kikundi kina mtaji wa kustahimili bei ikishuka, au kama inafaa mjane kuweka riziki yake yote mahali pamoja, sikupata kufundishwa.

Mji huu uliwahi kujengwa juu ya mali kauli. Wafanyabiashara walichukua bidhaa Unguja kwa mkopo, Tippu Tip akikopeshwa na Taria Topan, na misafara ikatembea miezi hadi kufika Unyanyembe. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyetakiwa kuijua njia. Uchaji Mungu wake pekee usingewafikisha watu kwenye maji.

Leo njia hiyo ina masomo yake. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inamtaka anayefanya kazi ya kushauri juu ya hisa na hatifungani awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mamlaka hiyo huendesha mafunzo yenye mitihani kwa watendaji wa soko, ikishirikiana na taasisi ya CISI ya London. Kwa upande wa Sharia, AAOIFI ya Bahrain hutoa cheti cha mshauri na mkaguzi wa Sharia. Vyeti hivi viwili havifanyi kazi moja: mwenye cha pili atakuambia kama mkataba ni sahihi, wa kwanza kama unakufaa. (Kikundi cha asali, kwa bahati mbaya, hakimo katika hisa wala hatifungani, huko tahadhari ni juu yetu wenyewe.)

Liko pia suala la uhuru. Wakala wa bima hulipwa kamisheni na kampuni, na ofisa wa benki huuza bidhaa za benki yake. Kazi zao ni halali, lakini usiwadhanie washauri wako. Muulize kila anayekushauri: nikikataa, wewe utalipwa na nani?

Nimemwomba yule mama radhi. Siku hizi fatwa za biashara tunaziandika, na chini yake tunaeleza kwamba jibu hili halihusu usalama wa fedha. Kamati imekubali pia kumlipia ada ya mafunzo kijana mmoja wa msikiti aliyesomea uhasibu. Sharti tuliloweka ni moja, arudi Tabora.