Miji ya Kale na Vijiji vya Pwani Katika Nchi ya Ureno

Wasikilizaji wangu, Ureno ni nchi ndogo iliyo pembeni kabisa mwa Ulaya, upande wa kusini-magharibi, nayo imepakana na bahari kuu ya Atlantiki. Jina lake si geni kwetu. Mtoto wa skuli hujifunza mapema jinsi Vasco da Gama alivyofika Mombasa na Malindi katika mwezi wa Aprili, 1498, na jinsi ngome ya Mombasa iitwayo Fort Jesus ilivyoanza kujengwa mwaka wa 1593. Lakini habari hizo twazisoma kutoka upande wetu wa bahari tu. Leo nataka tuitazame nchi ile yenyewe.

Tutafuata desturi ya wasafiri wa huko. Wao hukaa katika mji mkuu, Lisbon, na kila siku hutoka asubuhi kwenda mahali pamoja, wakarudi jioni. Safari ya namna hii haitaki mizigo mingi: kofia, chupa ya maji, mkate, na viatu vinavyostahimili mawe. Nitaeleza safari tatu.

Safari ya kwanza ni fupi, kwa kuwa Belém ni mtaa wa Lisbon wenyewe, kilomita 6 hivi kutoka katikati ya mji, ukingoni mwa mto Tejo. Hapa ndipo merikebu za Vasco da Gama zilipong'oa nanga tarehe 8 Julai, 1497. Leo pana kanisa na nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa, iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel. Mafundi waliyachonga mawe yake hata yakawa kama kamba za merikebu na mimea ya baharini. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa, karibu na mlango.

Je, fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika kodi ya sehemu moja kwa ishirini, iliyotozwa biashara ya Afrika na ya Mashariki, hasa pilipili manga na viungo vingine. Tena, katika Lisbon, jumba la taifa la sanaa za kale lina chombo cha dhahabu cha ibada, kilichofanywa na sonara Gil Vicente kwa ajili ya kanisa hilo la Belém, kikamalizika mwaka wa 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama alipokuja mara ya pili, mwaka wa 1502, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kumtolea mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ndiyo iliyoyeyushwa. Hata hivyo kodi haikuleta amani. Katika mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa, kisha Mombasa, na miji yote miwili ikatekwa nyara.

Basi mtu wa pwani yetu akisimama mbele ya chombo kile, ana haki ya kuisifu kazi ya mikono ya sonara, naye ana haki pia ya kukumbuka ilikotoka mali. Mambo hayo mawili hayapingani. Mgeni asiyejua hupita pale akaona kung'aa tu. Ajuaye habari za Kilwa huona pande zote mbili za bahari kwa mara moja. Ndiyo faida ya kusoma kabla ya kusafiri.

Safari ya pili ni ya Sintra. Treni hutoka katika stesheni ya Rossio, nayo huchukua dakika 40 hivi. Mji huu uko milimani, karibu na bahari. Upepo wenye unyevu utokao baharini ukipanda ile milima hupoa, ukageuka kuwa ukungu na manyunyu. Kwa hiyo Sintra ina miti mingi na ubaridi, hata siku ambazo Lisbon inawaka jua. Hii ndiyo sababu wafalme walipenda kukaa hapa wakati wa joto. Jumba lao la kale lingalipo mjini, nalo hutambulikana kwa mbali kwa dohani mbili nyeupe za jikoni, kila moja ikiwa na urefu wa meta 33. Juu ya kilele kimoja pana jumba jingine, Pena, la rangi nyekundu na manjano, lililojengwa na Mfalme Ferdinand wa Pili katika karne ya 19 mahali palipokuwa na magofu ya nyumba ya watawa.

Lakini kitu kinachotuhusu sisi zaidi ni kuta za mawe zilizo juu ya mji, ziitwazo Ngome ya Wamoro. Waislamu, Waarabu na Waberber, walitawala sehemu hizi tangu karne ya 8 hata mwaka wa 1147, Mfalme Afonso Henriques alipoiteka Lisbon, na Sintra ikasalimu amri. Waliacha maneno mengi. Jimbo la kusini la Ureno huitwa Algarve, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "magharibi", kwa kuwa yote mawili yametoka katika Kiarabu. Wareno nao, walipokuja kwetu, waliacha maneno yao: meza, bendera, leso na mvinyo. Hivyo msemaji wa Kiswahili akiketi katika mkahawa wa Sintra atasikia maneno ya nyumbani, mengine yakiwa yametoka kule, mengine yakiwa yametoka kwa mwalimu mmoja aliyewafundisha wote wawili.

Safari ya tatu ni ya mbali kidogo. Nazaré ni mji wa wavuvi, kilomita 120 hivi kaskazini ya Lisbon, na watu huenda kwa basi. Zamani haukuwa na bandari. Mashua zilivutwa kwa ng'ombe kutoka majini mpaka mchangani. Hata leo utaona samaki waliopasuliwa wakianikwa juani ufukweni, na wanawake wazee waliovaa sketi nyingi moja juu ya moja, na leso kichwani. Mtaa wa juu, Sítio, uko juu ya jabali la meta 110 hivi, na tangu mwaka wa 1889 kuna gari la reli livutwalo kwa kamba ya chuma kuwapandisha watu.

Sifa ya Nazaré siku hizi ni mawimbi yake. Chini ya bahari kuna korongo refu sana, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 200, na ncha yake hufika karibu na ufuko. Wimbi likipita juu ya maji yenye kina kirefu huenda mbio. Likifika penye kina kifupi hukawia. Basi sehemu ya wimbi iliyo juu ya korongo hutangulia na kupinda, nayo sehemu iliyo kando huchelewa. Zinapokutana mbele ya mnara wa taa, moja hupanda juu ya nyingine. Hivyo huinuka ukuta wa maji. Katika mwaka wa 2020 Mjerumani mmoja, Sebastian Steudtner, aliteleza kwa ubao juu ya wimbi lililopimwa kuwa na meta 26. Mawimbi hayo huja hasa tangu Oktoba hata Machi. Mwenye busara huyatazama kutoka juu ya jabali.

Namalizia kwa mashauri machache. Toka mapema. Usiende Belém siku ya Jumatatu, kwa maana milango hufungwa. Katika Sintra wacha motokaa, kwa kuwa njia za mlimani ni nyembamba, na wenyeji hutaabika kwa wingi wa magari ya wageni. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa siku moja hakai hata apewe jembe. Akila mkate aliokuja nao, akaacha taka, mwenyeji hakupona kwa lolote. Basi nunua chakula kwa mwenye duka mdogo, salimu watu, na usimpige picha bibi kizee anayeanika samaki kabla ya kumwomba ruhusa.

Kwaherini.