Mnanaha, Gugu Linalotanua Mboni

Mgonjwa anafikishwa idara ya dharura. Mboni ya jicho la kulia imetanuka, na hata ikimulikwa tochi haisinyai. Daktari anawaza mabaya kwanza, na ni wajibu wake: damu ikivuja ndani ya fuvu, au mshipa wa damu ukivimba huko, neva ya tatu ya ubongo hubanwa na mboni ya upande huo ikabaki wazi. Lakini huyu anaongea vizuri, kope haijashuka, jicho linageuka kila upande. Hapo swali moja lina thamani kubwa: leo ulikuwa unafanya kazi gani? Alikuwa akipalilia, akajifuta jasho.

Mnanaha huota majalalani, kando ya mazizi na katikati ya mahindi. Una maua meupe marefu na tunda la miiba lililojaa mbegu. Ndani yake mna atropini na skopolamini, sumu zinazozuia ujumbe wa neva usiifikie misuli inayofinya mboni. Utomvu ukigusa jicho moja, jicho hilo tu ndilo hutanuka, pengine kwa siku kadhaa. Kuna kipimo rahisi ninachokipenda: matone ya pilokapini. Kama neva ndiyo iliyobanwa, mboni husinyaa. Kama ni atropini, haitikisiki.

Mwaka 1819, kijana Friedlieb Runge alimpelekea mwandishi Goethe paka mjini Jena, akamwonyesha jicho moja lililotiwa maji ya mmea wa jamii hiyohiyo: mboni pana upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Goethe alivutiwa, akampa buni azichunguze. Runge akatoa kafeini humo.

Mnanaha ukiliwa, mambo hubadilika. Mboni zote mbili hutanuka, mdomo hukauka, ngozi huwa ya moto, moyo huenda mbio, mtu huweweseka na kushika vitu visivyokuwepo. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, mamia waliugua na watu 5 walifariki baada ya kula chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu hizi.

Dawa ya kuzikabili nayo ni sumu: fizostigmini, kutoka maharage ya Calabar, Nigeria. Mwaka 1863 daktari wa macho Argyll Robertson wa Edinburgh aliyajaribu kwenye jicho lake mwenyewe, akaona mboni ikisinyaa.