Spesa ya Chuma au ya Alumini? Swali Hilo Halishiki Tairi

"Chuma au alumini?" Fundi wa magari ya porini, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Grogan jijini Nairobi, huulizwa hivyo na kila mteja anayetaka kutanua magurudumu kwa spesa, yaani kile kipande kinachokaa kati ya habu na rimu. Mteja huwa ameshajijibu. Alumini ni ya masufuria, chuma ndicho kitu. Basi akerezewe spesa nne za chuma kutoka kwenye bamba nene, mambo yaishe. Wako mafundi wanaokubali, maana kazi ni hela.

Muulizaji huyo, mara nyingi, amefika kwa Prado yenye rimu za alumini. Zimembebea zaidi ya tani mbili za gari, abiria, mizigo na mashimo yote ya njiani, na hajawahi kuzilalamikia kwa ulaini.

Swali lenyewe limezaliwa na imani iliyoenea gereji kwa gereji: kwamba uzito wa gari umekalia stadi, yaani zile bolti zinazofungiwa nati za gurudumu, na kwa hiyo chochote kinachopitiwa na stadi lazima kiwe kigumu kupindukia. Sivyo gurudumu linavyoshikwa. Nati ikikazwa, stadi huvutika, na mvuto huo huibana rimu kwenye uso wa habu. Kinachozuia rimu isiteleze ni msuguano wa nyuso zilizobanwa, kama safu ya vitabu inayonyanyuliwa kati ya viganja viwili: cha katikati hakina kitu chini yake, na hakidondoki maadamu mikono haijalegea.

Hesabu yake haina uchawi. Stadi ya milimita 12 iliyokazwa kwa nyutoni-mita 110, kiwango cha kawaida kwa Prado yenye rimu za alumini, hubana kwa nguvu ya tani nne na nusu hivi. Stadi sita ni tani 27. Hata msuguano ukishika asilimia 15 tu ya nguvu hiyo, kila gurudumu lina zaidi ya tani 4 za kuzuia mteleko, ilhali mzigo wake gari likiwa limesimama haufiki hata tani moja. Aloi nzuri ya alumini haisumbuliwi na mbano huo.

Sasa lile ambalo mkereza chuma halisemi. Kwa mvuto wote huo, stadi hurefuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Akiba yote ya kubana gurudumu imo katika urefu huo mdogo. Rangi ya kupuliza iliyopigwa mara mbili tatu hukaribia unene uleule; kutu iliyovimba kwenye habu au vumbi lililoganda huupita. Gari likitingishwa kwa saa kadhaa kwenye mawimbi ya barabara ya Naabi kwenda Seronera, rangi husagika, kutu hubonyea, stadi hurudi kwenye urefu wake wa awali, na mbano hupotea bila nati kuzunguka hata robo. Ndipo rimu huanza kucheza, na stadi iliyoundwa kwa kuvutwa hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mpaka inakatika. Fundi huokota kipande, akatazama tundu la spesa lililopanuka, akatangaza: "Si nilisema, alumini!" Spesa ya chuma iliyopakwa rangi ya kung'aa ingefika mwisho uleule, tena ikiwa na uzito wa karibu mara tatu.

Dawa ya mtaani huzidisha ugonjwa: grisi kwenye nyuzi, kisha bomba refu kwenye wili spana, "kaza mpaka ilie". Grisi hupunguza msuguano wa nyuzi, kwa hiyo toki (nguvu ya kukazia) ileile huivuta stadi zaidi kwa theluthi moja hadi nusu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja huweka karibu nyutoni-mita 700, zaidi ya mara sita ya kinachotakiwa. Stadi iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi tena, na haibani tena ipasavyo. Eti usalama!

Hakuna anayesema spesa ni upuuzi mtupu. Porsche huziuza zikiwa zimewekwa kiwandani kwenye baadhi ya magari yake. Mwenye Land Cruiser ya 79 naye ana sababu: tangu ekseli ya mbele ilipotanuliwa mwaka 2007, magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa milimita 95, na kwenye mchanga au tope, ya nyuma hulazimika kujichimbia njia yake. Kulingana kabisa kunadai milimita 47.5 kila upande. Australia, ambako magari hayo yamejaa mashambani na migodini, spesa za kuongeza kwa ujumla haziruhusiwi barabarani, na wenye fedha hubadilishiwa ekseli yenyewe ya nyuma.

Vipimo ndivyo vya kuulizia dukani. Prado na Nissan Patrol ya Y61 zote zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, na muuzaji asiyejali atasema spesa "inaingiliana". Kitovu cha habu ya Prado nyingi ni milimita 106.1, cha Patrol ni 110, kwa hiyo spesa ya Patrol huelea kwenye Prado bila kukalishwa katikati. Nyuzi nazo hazifanani: umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1.5 kwa Toyota, 1.25 kwa Nissan. Nati ikigoma, bomba linaitwa tena.

Yaliyobaki ni mafupi. Kwanza itafutwe rimu yenye kutokeza zaidi nje. Haina kiungio cha pili. Isipopatikana, inunuliwe spesa ya alumini iliyofuliwa, si ya kumimina, daraja la 6061-T6, yenye stadi zake na mdomo unaokaa sawasawa kwenye kitovu. Kwa Toyota nyingi, chini ya milimita 30 stadi za asili huchomoza na kuizuia rimu ikae. Wanaozikata wanajua wanachofanya au hawajui kabisa. Bamba jembamba lisilo na stadi lisikubalike nati ikishindwa kuzunguka angalau mara nane kamili kwenye stadi ya milimita 12. Washa nyuma ya rimu, kamwe. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, rangi iondolewe, nyuzi ziwe kavu. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya toki, kwa kiwango cha kitabu cha gari, spesa kwanza kisha rimu. Nati bapa zenye washa, za rimu asili za Toyota, zisiwekwe kwenye rimu ya matundu ya koni, wala kinyume chake. Usukani ukatwe hadi mwisho pande zote kuona kama tairi inagusa madigadi au mpira wa breki. Beringi nazo zitalemewa zaidi, zikaguliwe kila sevisi. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rimu ivuliwe, maana nati za ndani hazifikiki bila kuivua, zikazwe upya kwa toki ileile. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati ni dalili ya kusimamisha gari papo hapo. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.