Baiskeli ya Supamaketi: Fundi Aiguse au Aiache?

Bumu likiingia tu, wapo kati yetu wanaokimbilia supamaketi kununua ile baiskeli yenye gia 18 na shokapu mbele na nyuma. Inang'aa, na bei inavumilika. Miezi michache baadaye inalia kama bawaba ya zamani, na mafundi wengine wakiiona wanasema, "Hiyo siigusi." Je, wako sahihi?

Kusema kweli, fundi ana hoja. Kunyoosha rimu ya baiskeli rahisi kunamla muda uleule, pengine zaidi, lakini mwenyewe hataki kulipa ufundi unaokaribia nusu ya bei aliyonunulia. Halafu kuna ubovu wa kuzaliwa nao. Gia za nyuma za baiskeli hizi kwa kawaida hufungwa kwa uzi kwenye habu, kwa hiyo gololi za upande wa cheni hukaa mbali na ncha ya ekseli. Uzito wako, begi la vitabu na mashimo ya barabarani vinaipinda. Fundi akiweka mpya, umbo ni lilelile, nayo itapinda tena. Rimu za chuma nazo zikilowa, mpira wa breki unateleza. Ukimgonga mtu mteremkoni, atalaumiwa nani? Fundi aliyeigusa mwisho.

Pamoja na hayo, mimi sikubaliani na kuikataa moja kwa moja. Fundi akikataa, kiwanda hakiumii hata kidogo. Anayeumia ni mwanafunzi ambaye kesho ataipanda hivyohivyo, breki zimelegea. Kule Marekani, mafundi waliandika ombi la kuvitaka viwanda vitengeneze baiskeli zinazodumu angalau saa 500 za kuendeshwa. Lawama walizipeleka panapostahili.

Napendekeza hivi: fundi aikague kwanza na kutaja gharama yote kabla ya kushika spana. Breki, usukani na magurudumu havina mjadala. Vikae sawa, la sivyo amwambie mwenyewe wazi kwamba chombo hicho si cha kupanda. Gia zikigoma, aibane ibaki kwenye gia moja tu. Ya kufika lecture inatosha.

Na wewe unayesubiri bumu, pita kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Kwa hela hiyohiyo anaweza kukuchagulia ya mtumba, haing'ai lakini vipuri vyake vipo na ekseli yake imenyooka.